Adapta ya RAID ikigoma: ninachokusanya kabla ya kuwasha upya

Adapta ya RAID (kadi inayounganisha diski kadhaa za seva zifanye kazi kama moja) ikigoma, kitu cha kwanza ninachokataa ni kuzima umeme. Adapta nyingi huweka logi (rekodi ya matukio) yao ya ndani kwenye RAM ya adapta yenyewe, na umeme ukikatika huenda isionekane tena.

Kisha natafuta pa kuandikia. Kama mfumo wa Linux wenyewe umekaa kwenye diski za adapta hiyo hiyo, /var/log, folda ya logi za mfumo, haifai: imeshageuka ya kusomwa tu, au kila amri inajibu Input/output error. Amri ambazo tayari zimo kwenye RAM bado huitika, nyingine hazifunguki. Kwa hiyo, nikiwa kwenye mashine nyingine, naandika humo ujumbe wa keneli (kiini cha mfumo) unaotolewa na dmesg:

ssh root@seva dmesg > keneli.txt

Ssh ikikataa kuingia, nafungua konsoli kupitia BMC (kompyuta ndogo ya usimamizi iliyo ndani ya seva) na kupiga picha ya skrini.

Faili hilo la keneli ndilo ninaloliwahi kuliko yote. Nafasi ya ujumbe wa keneli ina kikomo, na ikijaa, mistari ya zamani hufutwa. Diski zikishaanza kulalamika kwa maelfu ya mistari, hupotea ule unaohitajika hasa: draiva, tuseme megaraid_sas, ikijaribu kuirejesha adapta. Kosa la kwanza ndilo lenye thamani. Yanayofuata karibu yote ni matokeo yake. Kwenye seva muhimu naongeza log_buf_len=16M katika vigezo vya kuwashia.

Baada ya hapo, lspci -vvv, inayoorodhesha kadi zilizo kwenye PCIe, njia inayounganisha kadi na seva. Ikionyesha "rev ff", adapta haijibu kabisa kwenye PCIe, na storcli, programu ya kuzungumza na adapta za MegaRAID, haitapata wa kuzungumza naye. Ikijibu kawaida, nachukua haya:

storcli64 /c0 show all
storcli64 /c0 show termlog
storcli64 /c0 show events
storcli64 /c0/eall/sall show all
storcli64 /c0 show time

Hiyo ya mwisho wengi huiruka. Saa ya adapta inaweza kutofautiana na ya seva, na bila kujua tofauti hiyo huwezi kupanga matukio ya logi mbili kwa mfuatano.

Kwa kila diski nasoma hali yake ya afya: smartctl -x -d megaraid,8 /dev/sda, ambapo 8 ni namba ya diski iliyo chini ya safu ya DID kwenye jedwali la storcli. Diski moja yenye makosa huenda ni diski mbovu. Nne zikidondoka sekunde ile ile, nashuku kebo au mlango wake, maana kiunganishi kimoja cha SFF-8643, aina ya plagi ya kebo za diski, hubeba njia nne.

BMC ina logi yake, na huendelea kufanya kazi hata mfumo ukiganda: ipmitool sel elist, kwa ajili ya joto, umeme na makosa ya PCIe.

Hapo ndipo nawasha upya. journalctl -k -b -1, inayoonyesha ujumbe wa keneli wa kabla ya kuwasha upya, husaidia tu kama /var/log/journal ipo, na dakika za mwisho mara nyingi hazimo kwa sababu diski zilikuwa zimeshakatika. Ndiyo maana netconsole naiweka mapema: hutuma ujumbe wa keneli kwa UDP, kwa kawaida mlango 6666, hadi mashine nyingine. Na adapta mpya ikitangaza "foreign configuration", siifuti. Humo ndimo ulimo mpangilio wa RAID ya zamani.