Neno Nililolitamka Mlangoni

Nilikuwa na umri wa miaka 19 nilipolitamka neno ambalo liliniondolea usingizi kwa miezi minane. Mama mdogo alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na jioni ile mama mmoja mzee wa kikundi cha maombi alikuwa amemwekea mikono na kumwombea kwa sauti ya chini, bila maneno ya kujionyesha. Mgonjwa, ambaye kwa siku nyingi hakuwa amepata usingizi wa maana, alitulia, akapumua vizuri, akasema kwamba maumivu yamemwacha. Waliokuwapo wakaanza kumshukuru Mungu. Mimi, niliyekuwa nimemzika baba yangu mwaka uliotangulia baada ya maombi ya namna hiyo hiyo, nilisimama mlangoni nikasema, kwa sauti iliyosikiwa na kila mtu, kwamba nguvu zile hazikutoka kwa Mungu bali kwa shetani. Hakuna aliyenijibu. Mama mdogo alinitazama, kisha akageukia ukutani.

Sikuyaamini niliyoyasema, na huo ndio uliokuwa uzito wa jambo lenyewe. Nilijua kwamba nilichokiona kilikuwa chema. Kwa kuwa baba yangu hakutendewa wema huo, niliutukana.

Wiki mbili baadaye, nikisoma Injili ya Marko sura ya 3 bila kutafuta chochote, nilikutana na waandishi walioshuka kutoka Yerusalemu, ambao walipomwona Yesu akitoa pepo walisema kwamba ana Beelzebuli, na kwamba kwa mkuu wa pepo huwatoa pepo. Nikaendelea hadi mstari wa 29: “bali mtu atakayemkufuru Roho Mtakatifu hana msamaha hata milele.” Nilikuwa nimeusikia mstari huo tangu utotoni, lakini siku zote niliuchukua kama habari ya watu wengine. Sasa niliona kwamba waandishi wale na mimi tulikuwa tumesema neno moja. Nikafungua Mathayo 12 nikitumaini kwamba huko limelainishwa, nikakuta kwamba dhambi hiyo haisamehewi katika ulimwengu huu wala katika ule ujao. Luka 12:10 haikunipa nafuu yoyote.

Nilianza kuishi kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Nilihudhuria ibada kwa sababu kutohudhuria kungezua maswali, lakini Meza ya Bwana niliiacha ipite, kila mara kwa kisingizio kipya. Usiku niliyapitia maandiko kama mshtakiwa anayesoma sheria iliyomtia hatiani. Katika Waebrania 6 nilisoma habari za watu waliokwisha kupewa nuru wakaanguka, ambao haiwezekani kuwafanya upya hata wakatubu. Katika sura ya 12 ya waraka huo huo nilimkuta Esau, aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza, ambaye hakuona nafasi ya kutubu ijapokuwa aliitafuta sana kwa machozi. Esau alinitesa kuliko wote, maana machozi nilikuwa nayo, na niliambiwa hapo kwamba machozi hayatoshi. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba John Bunyan, mhubiri Mwingereza aliyeandika habari za maisha yake mwaka 1666, aliteswa kwa muda mrefu na mistari hiyo hiyo ya Esau, akidhani kwamba amemuuza Kristo kwa wazo moja alilolikubali moyoni. Laiti ningalimjua wakati ule. Nilidhani kwamba tangu waandishi wale hadi kwangu hakuna mwingine aliyepita njia hiyo.

Mstari mmoja karibu uniokoe. Paulo, katika barua ya kwanza kwa Timotheo, anakiri kwamba alikuwa mtukanaji, lakini akapata rehema. Nilishika mstari huo kwa mikono miwili hadi nilipousoma wote: alipata rehema kwa kuwa alitenda hivyo kwa ujinga, na kwa kutokuwa na imani. Mimi sikuwa na ujinga huo. Mlango ule nao nikauona umefungwa.

Katika mwezi wa nane nilikwenda kwa mchungaji mmoja mzee, aliyekwisha kustaafu, nikamweleza yote, pamoja na lile nililoliogopa zaidi, kwamba nilijua. Nilitarajia aniambie kwa haraka kwamba si kitu. Hakusema hivyo, na hadi leo namshukuru, kwa sababu faraja ya haraka nisingeliiamini. Alinipa Biblia akaniambia nisome kwa sauti kuanzia Marko 3:22, polepole, na alinisimamisha mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa katika neno “walisema”. Aliniambia kwamba katika Kiyunani, lugha iliyoandikiwa Injili, kitenzi hicho kipo katika hali ya tendo linaloendelea, na kwamba tungeweza pia kusema “walikuwa wakisema”. Akaniuliza kama mimi mzungumzaji wa Kiswahili sioni tofauti kati ya mtu aliyesema na mtu aliyekuwa akisema. Niliiona. Watu wale hawakuropoka siku moja kwa uchungu. Walikuwa wameshika msimamo, na hata mbele ya kipofu na bubu aliyeponywa, ambaye Mathayo anamtaja, waliendelea kuuita mkono wa Mungu mkono wa shetani.

Mara ya pili ilikuwa mwanzoni mwa mstari wa 23, maneno ambayo kwa miezi minane macho yangu yaliyaruka: “Akawaita.” Kabla ya kutamka neno lolote la kutisha, Yesu aliwaita watu wale wale, akasema nao kwa mifano, akiwauliza Shetani awezaje kumtoa Shetani. Mchungaji alisema, “Mwanangu, waliokwisha kufungiwa mlango hawaitwi. Onyo hupewa mtu ambaye bado anaweza kugeuka.”

Nilimjibu kwamba mimi nilijua, na Paulo hakujua. Alinyamaza kwa muda, akasema, “Na Petro?” Petro alijua. Alikuwa amekiri kwa kinywa chake kwamba Yesu ndiye Kristo, na usiku Yesu alipokamatwa, mbele ya watu, alilaani na kuapa kwamba hamjui mtu yule. Hakuwa na ujinga wowote wa kujitetea nao, na bado alirudishwa.

Ndipo akanieleza jinsi alivyoielewa dhambi hiyo, bila kuipunguza. Alisema kwamba onyo lile ni la kweli, wala hana ruhusa ya kulifuta kwenye ukurasa ili mimi nilale. Roho ndiye anayemwonyesha mtu dhambi yake na kumvuta kwenye msamaha. Mtu akizoea kuiita kazi hiyo uovu, huweza kufika mahali ambapo hautaki tena msamaha, na msamaha usiotakiwa hauna pa kupokelewa. Baadaye niligundua kwamba Augustino, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, alielekea huko huko: aliliona swali hili kuwa miongoni mwa magumu kuliko yote katika Maandiko, akahitimisha kwamba kufuru hiyo ni moyo usiotubu unaodumu hivyo hadi mwisho. Si Wakristo wote wanaoeleza hivyo. Wapo wanaoifungia dhambi hiyo katika siku ambazo Yesu alionekana kwa macho akitenda miujiza. Mimi nasimama upande wa mchungaji wangu, kwa sababu maelezo yake yaliniacha na hofu ya Mungu, yakaniondolea hofu ya kwamba ameniacha.

Kabla sijaondoka aliniuliza kama nimekwisha kumwomba radhi mama mdogo. Swali hilo lilinishtua. Kwa miezi minane nilikuwa nimeulizia hukumu yangu usiku na mchana, wala sikuwa nimemfikiria hata mara moja yule aliyegeukia ukutani.

Nilikwenda siku ya pili yake. Ugonjwa ulikuwa umemrudia kwa sehemu, na alikuwa ameketi, amejifunika. Nilipiga magoti nikamwambia kwamba neno lile lilikuwa la uongo, na kwamba nililijua kuwa uongo nilipolisema. Alisema alikuwa amenisamehe usiku ule ule, lakini alikuwa akiningoja nije. Kisha akaniomba nimwombee. Nilimwambia siwezi, kwamba sijui nianzie wapi. Akanishika mkono, akaanza yeye mwenyewe Zaburi ya 51, akasimama kwenye mstari wa 11, akaningoja niumalizie: “Usinitenge na uso wako, wala roho yako mtakatifu usiniondolee.”