Kumbukumbu ya mradi, sehemu ya 6: AG100 ya Baba yaonja matope ya Samburu

Imefika! Baada ya miezi saba ya kuifungua nati kwa nati bandani Nyahururu, jana jioni pikipiki ya Baba, Yamaha AG100, iliingia Baragoi ikiwa na pistoni mpya, ringi mpya na mwenyewe juu yake. Hii ndiyo njia aliyoipita miaka yake yote ya uafisa mifugo, boksi la chanjo likiwa limefungwa kwenye keria. Mimi nilimfuata na Boxer yangu.

Hadi Maralal ni lami, sina la kusimulia. Lakini usiku ule mvua haikukatika, na asubuhi tulipoukamata mwinuko wa Lorroki kuelekea Poror, barabara katikati ya mashamba ya ngano ilikuwa uji mweusi. Udongo ule wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa huvimba na kung'ang'ania chochote kinachoukanyaga.

Sikumaliza hata kilomita kumi. Tope na nyasi vilijaa kati ya tairi la mbele na madigadi, vikashindiliana kama lipu, gurudumu likagoma kuzunguka. Nikaongeza mafuta. Pikipiki ikalala ubavu, nami nayo.

Baba alirudi kwa miguu. "Mama, mguu uko sawa?" Aliponiona nimesimama, akachomoa kwenye gambuti kijiti cha mtarakwa alichokuwa amekichonga asubuhi bila mimi kumwuliza cha nini, akaanza kukwangua. "Hiyo madigadi itoe. Utaifunga tukifika kwenye mchanga." Nikatoa spana ya kumi. Kuanzia hapo tope lilinirukia usoni hadi tulipoanza kuteremka kuelekea Marti, lakini gurudumu lilizunguka.

Nilijua tangu utotoni kwamba Baba aliendesha pikipiki kazini. Sikuwa nimewahi kumwona. Ana miaka 69. Gia ya pili, mkono umetulia, breki ya mbele haigusi kabisa. Anayakwepa mashimo yaliyochimbwa na malori na kushika ukingo wenye nyasi. Kila dimbwi analishukia kwanza, analivuka kwa gambuti, anarudi, ndipo anawasha. Nilijifunza kwa kuutazama mgongo wake tu.

Huko chini joto lilitupokea, na laga moja, yaani mto wa msimu, ilikuwa imejaa maji ya kahawia. Tulikaa ukingoni kwa muda wa karibu saa tatu, tukila mkate na chai ya chupa, hadi mawe yakaanza kuonekana. Cheni yangu ilishaanza kusaga mchanga na kulegea.

Wasomaji wa sehemu ya 3 watakumbuka tulivyobishana kuhusu kava ya cheni. AG huifunika cheni yote kwa bati, nami nilitaka kuling'oa ili pikipiki iwe nyepesi. Baba alikataa katakata. Jana usiku nililifungua kwa mwanga wa tochi: cheni ilikuwa inang'aa, oili niliyoitia Nyahururu bado ipo. Nilimwita aje aone. Akachuchumaa, akaipitisha kidole, akaniambia nilifunge vizuri.

Kazi za leo kabla ya South Horr: kukaza spoki mbili za nyuma, gasketi ya kabureta inayovujisha petroli, na kunitafutia mimi cheni nyingine.