Barakoa ya vumbi: naanza na uso, namba baadaye

Nikichagua barakoa ya kuzuia vumbi laini, nakagua kwanza kingo zake, kisha ndipo nasoma namba. Hewa hupita panapopitika kirahisi. Kichujio kiwe kizuri namna gani, ukiacha mwanya kando ya pua unavuta vumbi kupitia hapo. Barakoa ya upasuaji huniangusha hapohapo: inalegea mashavuni, kwa hiyo siitumii kwa kazi ya vumbi.

Namba zenyewe si ngumu. N95, kiwango cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, huzuia angalau asilimia 95 ya chembe za takribani mikroni 0.3. Ukubwa huo haukuchaguliwa ovyo. Chembe kubwa hugonga nyuzi zikanasa, ndogo kabisa huyumbayumba hadi zikagusa nyuzi, ila hizi za katikati ndizo hupenya zaidi. Herufi N ina maana kichujio hakifai penye ukungu wa mafuta. Hapo natafuta R au P, zinazostahimili mafuta. Ulaya, kiwango cha EN 149 kina FFP1 (asilimia 80), FFP2 (94) na FFP3 (99). Kufagia stoo, FFP2 inanitosha. Kukata marumaru au zege ni habari nyingine, maana vumbi lake lina silika inayoua mapafu polepole: navaa FFP3 au P100 ya NIOSH, na bado namwagia maji pale diski inapokata.

Mikanda miwili ya kichwani naipenda kuliko ya masikioni, kwa sababu inavuta barakoa usoni kwa nguvu sawa. Mkanda wa juu unakaa kisogoni, wa chini shingoni chini ya masikio, wala haipishani. Waya wa pua naubonyeza kwa vidole vya mikono yote miwili. Ukiubana kwa mkono mmoja unajikunja pembe kali katikati na kuacha tundu kila upande. Kisha nafunika barakoa kwa viganja na kutoa pumzi kwa nguvu. Nikihisi upepo machoni, waya haujakaa. Ukitokea mashavuni, narekebisha mikanda. Ikishindikana, najaribu umbo au saizi nyingine. Na ndevu? Hata za siku moja huinua ukingo kutoka kwenye ngozi, hivyo nanyoa.

Za bandia zipo tele. N95 halali huwa na neno NIOSH lililoandikwa sawasawa na namba ya idhini inayoanza na TC-84A. Ikija na kamba za masikioni naiacha. Kwa FFP natafuta alama ya Ulaya ya CE yenye tarakimu nne baada yake. Alama ya NR inamaanisha ni ya zamu moja tu.

Siioshi, wala siipulizii spiriti. Nyuzi zake zina chaji ya umeme tuli inayovuta chembe, na spiriti huiondoa ingawa kwa macho barakoa inabaki mpya. Naitupa ikilowa, ikipinda, mikanda ikilegea au pumzi ikianza kuwa nzito.

Ukipuliza rangi ukasikia harufu ya thina ndani ya barakoa, usidhani imechoka. Mvuke hauzuiwi na kichujio cha vumbi. Hapo inatakiwa barakoa ya mpira yenye katriji za kaboni, pamoja na kichujio cha chembe juu yake.