Koleo Chini ya Mto

Mwaka 2014 bodaboda niliyopanda ilikwaruzana na daladala pale Mbagala Rangi Tatu. Sikuwa na kofia ngumu. Nilitua kwa kidevu.

Wasamaria wema wakanilaza chali, mmoja akawa ananipepea kwa kanga. Damu ikanirudi kooni, pumzi ikakatika, na kusema siwezi. Nikawa nazama pale barabarani, katikati ya watu wanaonipenda. Mama mmoja muuza mihogo akapaza sauti: "Mkalisheni, ainame! Acheni damu itoke!" Wakanikalisha. Damu ikamwagika mchangani pamoja na jino, na hewa ikaingia. Baadaye daktari alinieleza kuwa taya langu lilivunjika mbele pande zote mbili, na ulimi umejishikiza kwenye kipande hicho cha mbele. Nikilala chali, unaanguka nyuma na kuziba koo. Yule mama sikumwona tena. Namwombea hadi leo.

Hospitali walinivisha kola ya shingo mpaka picha zilipoonyesha mifupa ya shingo ni mizima. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka, na daktari akaanza kushona pale wekundu wa mdomo unapopakana na ngozi. "Hapa nikikosea milimita moja, kijana, kila atakayekutazama ataiona." Taya lilifuata siku ya tatu. Walinifunga meno ya juu na ya chini kwa nyaya, yakutane kama zamani, mfupa nao uunge ukiwa umetulia. Wiki 6.

Kabla ya kuturuhusu, nesi alimkabidhi Mama koleo la kukatia waya. "Akitapika, kata hizi za wima, usingoje mtu." Mama, ambaye hata sindano ya kushonea humtetemesha mkono, alirudi nyumbani akaokota vipande vya waya wa uzio, akawa anavikata kila jioni baada ya magharibi, kimoja baada ya kingine, taa ikiwa imezimwa. Nilimsikia: ka, ka, ka. Usiku alililaza koleo chini ya mto wake, mkeka wake ubavuni pa kitanda changu. Nikikohoa tu, ameshakaa.

Nilikunywa uji wa ulezi uliochujwa, kwa mrija, kupitia pengo la lile jino. Idi ilipofika, Mama hakupika pilau. Alisema harufu yake ingenionea.

Siku nyaya zilipotolewa, kinywa kilifunguka upana wa kidole kimoja tu. Nikamwita, "Mama." Aliitika, akafungua pochi, akamrudishia nesi koleo lake likiwa limefungwa kwenye leso safi.