Mwigizaji mwenye mshahara: ninachosomea Berlin

Vijana wa nyumbani wanaotamani kuja Ujerumani kusomea tamthilia huniuliza kama watafundishwa kuigiza. Chuo kikuu, hapana. Anayetaka kupanda jukwaani huenda shule ya uigizaji, kama Ernst Busch hapa Berlin, na huko unaingia kwa kuigiza mbele ya jopo, nafasi zenyewe chache mno. Sisi wa chuo kikuu tunafundishwa kuutazama mchezo, kuuchambua, kujua umetoka wapi na nani ameulipia.

Somo hili lilipata taasisi yake Berlin mwaka 1923, na Max Herrmann alikuwa mmoja wa waasisi. Alishikilia kwamba mchezo si maandishi tu, ni tukio kati ya waigizaji na watazamaji. Wanazi walimfukuza kazi kwa kuwa ni Myahudi, na akafia katika kambi yao ya Theresienstadt mwaka 1942. Nikimsoma nafikiria tunavyosoma tamthilia sekondari: wahusika, dhamira, mtihani, kitabu kinafungwa. Wengi wetu tunaijua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kwa mtindo huo, hatujawahi kuiona ikichezwa.

Hussein mwenyewe alipita hapa. Baada ya Dar es Salaam alikuja Berlin Mashariki kufanya shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Humboldt, akaandika kuhusu tamthilia ya Afrika Mashariki. Ukitoka Humboldt kwa miguu ukavuka mto Spree, hujachoka umefika Berliner Ensemble, nyumba ya kundi la maigizo lililoanzishwa na mwandishi wa tamthilia Bertolt Brecht na mkewe, mwigizaji Helene Weigel, mwaka 1949. Mimi nilipoiwasilisha Kinjeketile darasani, wenzangu walitaka kuzungumzia maji tu, yale yaliyoaminiwa kugeuza risasi. Niliwarudisha mwisho wa mchezo, pale Kinjeketile anapotakiwa na Wajerumani aseme maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anajua watoto wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vita vya serikali yao, na kuna waliokuwa wanavisikia kwa mara ya kwanza. Mjadala ule ulipita muda wa kipindi na hakuna aliyenyanyuka.

Ila nilichokuja kukipenda kuliko vyote nimekiona nje ya darasa. Wanafunzi wa huku huomba kukaa kwenye mazoezi ya kumbi za maigizo za miji, wakitazama na kusaidia vikazi vidogo. Mazoezi huanza saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, watu wanapumzika, kisha wanarudi jioni, na mchezo mmoja huandaliwa kwa wiki 6 au zaidi. Sakafu imebandikwa tepu za rangi kuonyesha milango na kuta zitakaposimama. Mstari wa mbele anakaa mama mmoja na andiko mapajani, kidole kwenye mstari, na mwigizaji akisahau anamtupia neno kwa sauti ya chini. Hiyo ndiyo kazi yake, ameajiriwa kwayo. Kuna asubuhi nilimwona mwongozaji akimrudisha mwigizaji avuke jukwaa na beseni la maji, tena na tena, mpaka ikajulikana mhusika yule anamwogopa nani. Hakuna aliyelalamika kwamba anachelewa kwenye kibarua kingine, kwa sababu kibarua kingine hakipo. Wana mkataba na mshahara wa kila mwezi.

Ujerumani ina kumbi za maigizo za umma kama 140, zinazobebwa na fedha za miji na majimbo. Kwetu kundi la maigizo huitwa na shirika lenye kampeni ya malaria au ukimwi, linaandaa kwa siku chache, linalipwa posho, basi. Penina Mlama, msomi wa tamthilia wa Tanzania, ameandika kwa kina jinsi sanaa ya jamii inavyoweza kuwa chombo cha watu wenyewe kuzungumza, na nakubaliana naye. Sipingi michezo ya kampeni. Ninachopinga ni mwigizaji kuishi kwa kusubiri simu ya mfadhili, huku ujumbe ukiwa umeshaamuliwa ofisini.

Huku nako si peponi. Mwisho wa 2024 Berlin ilipunguza bajeti ya utamaduni ya 2025 kwa euro kama milioni 130, na wasanii waliingia barabarani. Niliwapenda kwa hilo: waliidai ruzuku kama mtu anavyodai barabara na zahanati.

Kwa anayejiandaa kuja: Kijerumani ni lazima, na kiwe cha juu, maana somo zima ni kusoma na kubishana. Vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada, lakini kwa viza unatakiwa kuonyesha fedha za kujikimu, ambazo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, au uwe na ufadhili.

Utafiti wangu wa uzamili unauliza mji wetu mmoja ungehitaji nini kuajiri kundi dogo kwa mwaka mzima. Wasomi tunao, Dar es Salaam inafundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Majengo tunayo, Bagamoyo kuna ukumbi mkubwa wa TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, na Nairobi ina Kenya National Theatre tangu 1952. Nataka nikirudi niende kwa halmashauri na hesabu mkononi: waigizaji sita, mwongozaji mmoja, fundi taa, na wiki 6 za mazoezi kwa kila mchezo.