Gitaa la baba mdogo

Jumapili, usiku

Leo nimefunga nyuzi. Zote sita zimekaa na shingo haijapinda. Nina vumbi la mninga hadi kwenye kope, lakini silali kabla sijaandika, maana kesho nitakuwa nimeshasahau mambo madogo madogo, na kazi hii yote ni mambo madogo madogo.

Gitaa hili la umeme nimelitengeneza mwenyewe, na ni la baba mdogo. Alipiga rithimu katika bendi za dansi kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuwahi kumiliki gitaa hata moja. Wanaozijua bendi zetu za zamani hawatashangaa. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Nuta Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Nyingine zilikuwa za jeshi, za polisi, za umoja wa vijana. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani. Akihama, gitaa linabaki jukwaani, yeye anaondoka na vidole vyake. Baba mdogo alihama bendi nne. Ya mwisho ilipovunjika alirudi kwenye shamba lake la mihogo, na tangu hapo nimemwona mara nyingi amekaa barazani, mkono wa kushoto unabonyeza kodi za gitaa kwenye mpini wa jembe. Sidhani kama mwenyewe anajua kuwa anafanya hivyo.

Mimi ni seremala wa vitanda na makabati. Nilipoanza nilidhani gitaa la umeme ni kabati dogo tu lenye nyuzi. Kwa upande mmoja sikukosea. Mmarekani Leo Fender, aliyeingiza sokoni gitaa la umeme lenye mwili wa ubao mzima usio na uwazi ndani mwaka 1950, kule Fullerton, California, alikuwa fundi redio, na kupiga gitaa hakujua. Alichora kitu kinachoweza kukatwa kwa violezo: ubao bapa wenye unene wa milimita 45 hivi, na shingo ya kufungwa kwa skrubu nne. Hakuna kukunja mbao kwa moto wala kuunganisha kisanduku chembamba kama cha gitaa la kawaida. Ndiyo maana mtu mwenye rauta, ile mashine ya kuchimbia mbao, randa na patasi anaweza kulijaribu kibarazani kwake.

Ila kabati linasamehe milimita moja, gitaa halisamehi.

Mwili wa kwanza niliuharibu kwenye shimo la shingo, pale kitako cha shingo kinapozama ndani ya ubao milimita 16. Nilipima kwa rula ya chuma, nikachora kwa penseli, nikafuata mstari kwa patasi kama ninavyofanya kwenye fremu za milango. Shimo likazidi upana kwa milimita moja. Shingo ikawa inacheza, na nilipofunga nyuzi mbili za majaribio, ule mwembamba ukaelea nje ya ukingo wa ubao. Niliukasirikia mkono wangu siku nzima, na mkono wenyewe haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuupa mkono kazi ya kiolezo.

Safari ya pili sikupima chochote. Niliilaza shingo yenyewe juu ya ubao, nikaibana kwa vipande vitatu vya plaiwudi, kushoto, kulia na nyuma, mpaka karatasi ya daftari ikashindwa kupita katikati. Nikavifunga vile vipande kwa skrubu kwenye fremu moja, kisha nikaitoa shingo. Uwazi uliobaki ndio kiolezo. Kisu cha rauta chenye beringi kinaambaa na ukuta wa plaiwudi, na mbao iliyo chini inakatika vilevile ukuta ulivyo. Shingo ilipoingia nililiinua gitaa zima kwa kushika shingo tu, bila skrubu wala gundi, na mwili haukudondoka. Nilikaa chini kwanza. Mke wangu alidhani nimejikata.

Kwa hesabu zangu, kati ya miezi saba ya kazi hii, minne imekwenda kwenye violezo: cha umbo la mwili, cha shimo la shingo, cha mashimo ya pikapu, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, cha mfereji wa ule ufito wa chuma unaokaa ndani ya shingo kuizuia isipinde kwa mvuto wa nyuzi, na cha freti, vile vyuma vyembamba vinavyokingama kwenye shingo.

Hiki cha freti ndicho kilichoninyima usingizi. Urefu wa uzi niliochagua ni milimita 648, toka kidaraja cha juu hadi daraja la chini. Freti ya kwanza inakaa milimita 36.37 kutoka juu, ya pili 70.70, ya tano 162.55, ya kumi na mbili inaangukia katikati kabisa, 324. Kanuni ni kugawa urefu uliobaki kwa 17.817 na kusogea mbele kila mara. Mara ya kwanza niliichukua kanuni hiyo nikapima kila freti kutoka kwenye freti iliyotangulia, na kila mara penseli iliongeza unene wa nywele. Kufika ya kumi na mbili nilikuwa nimepotea karibu milimita mbili. Nimejifunza kupima zote kutoka sehemu moja, pale juu kwenye kidaraja, bila kuhamisha rula. Vipimo nimevichonga mara moja tu kwenye ukingo wa ubao mgumu, pengo moja kwa kila freti. Sasa ubao wa freti unagandishwa juu yake kwa gundi ya utepe ya pande mbili, vyote viwili vinaingia kwenye kisanduku cha kukatia, pini moja inadumbukia kwenye pengo, msumeno unashuka. Unasogeza, pini inadumbukia tena. Mifereji ishirini na miwili ilimalizika kabla ya adhana ya adhuhuri.

Msumeno nao ilibidi ufundishwe. Wenye mgongo niliokuwa nao ulikata mfereji mpana, freti zikawa zinaingia kwa kidole. Unatakiwa mfereji wa kama milimita 0.6. Nikalaza msumeno kwenye jiwe la kunolea na kuusugua pole pole, upande huu na upande huu, meno yapunguze kutanuka, huku nikipima mfereji kwa zile bapa nyembamba mafundi gereji wanazopimia vali. Kijana wa gereji jirani aliniazima zake wiki mbili.

Mwili ni mninga. Niliuchagua kwa sababu ukishakauka hautikisiki. Nimetengeneza milango ya mninga ambayo masika na kiangazi inafunga vilevile. Vumbi lake linachokoza pua, vaa barakoa. Shingo ni mkangazi. Ubao wa freti ni mpingo, na hapa nilitaka sana iwe hivyo. Mpingo wa Lindi na Kilwa unakwenda Ulaya kuwa klarineti na obo tangu zamani, ni mti mzito usioelea majini, na unachukua miaka sabini hadi mia kukomaa. Nilitaka kipande kimoja kibaki hapa kiwe chombo cha muziki. Kukipata kilichonyooka cha sentimita 50 ni kazi, maana mpingo hukua umepinda na moyo wake una nyufa. Nilizunguka kwa wachonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, Jumamosi tatu. Mzee mmoja alinitolea ubao aliokuwa ameuweka chini ya benchi kwa muda mrefu, akaugonga kwa kucha nisikie unavyolia kabla hajataja bei.

Pikapu na funguo za kukazia nyuzi nilinunua. Kulehemu nyaya ni kazi ya jioni moja.

Baba mdogo alikuja baada ya alasiri, hajui alichoitiwa.

“Shikamoo baba mdogo.”

“Marahaba mwanangu. Nani mgonjwa?”

Nikampa. Hakusema kitu. Alilipima uzito mapajani, akapitisha dole gumba nyuma ya shingo kutoka juu mpaka chini, polepole, halafu akaanza kulisawazisha kwa sikio. Sina ampu, kwa hiyo sauti ilikuwa ndogo, ya nyuzi tupu na mbao. Watoto waliacha mpira wakasogea. Alipiga mzunguko mmoja wa rithimu, uleule, labda kwa robo saa, bila kuubadilisha. Vidole vyake vimekakamaa kwa jembe na mara mbili alikosea. Aliufuta mkono kwenye shati akaendelea.

Kisha akasimama kwenye uzi wa tatu. “Nikibonyeza ya sita inakoroma.”

Nikaegesha sikio. Kweli. Freti ya saba imekaa juu kidogo kuliko wenzake, uzi unaigusa unapotetemeka. Nikamwambia ni kazi ndogo ya tupa, aniachie mpaka Jumanne.

Aliniangalia, akaliangalia gitaa.

“Nitalileta hiyo Jumanne,” alisema. Mke wangu akampa kitenge, akalifunga kama mtoto, akalibeba mbele, kifuani, hadi kituoni.