Panya na kibomba
Jamani nimecheka hapa Ujiji, naanika dagaa na bimkubwa. Mwaka jana nikiwa field kwenye maabara moja nilikuwa nawanyanyua wale panya weupe kwa mkia, ndo tulivyoelekezwa, wananing'ata balaa na kujikojolea juu. Akaja dada mmoja akanambia mdogo wangu achana na mkia, weka kibomba cha plastiki humo kwenye kizimba, subiri aingie mwenyewe ndo umnyanyue nacho. Nikajua ananizuga. Siku ya nne hivi panya anakimbilia kibomba mwenyewe, ananusa kidole changu, wala haumi! Eti hata nyani wanafundishwa kutoa mkono wachomwe sindano, wanapewa tunda, bila kukabwa. Kumsimulia bimkubwa: "kwa hiyo we na panya mshakuwa ndugu?" 😂